Kitabu cha pili cha Zélie kimeniacha na njaa (humu kuna uhondo wote, ambaye hajasoma apite mbali)

Kibatari

Wakuu, nimekaa wiki nzima nikijiambia hasira zitapoa. Hazijapoa, kwa hiyo nazimwaga hapa.

Wapenzi wa riwaya za vijana zenye uchawi ndani yake wanamfahamu Tomi Adeyemi, Mmarekani ambaye wazazi wake walitoka Nigeria. Mwaka 2018, akiwa na miaka 24, alitoa Children of Blood and Bone, na kikapokelewa kwa shangwe. Kwa ambaye hakubahatika: nchi inaitwa Orïsha, na miji yake ina majina ya kwenye ramani ya kweli, Lagos, Ibadan, Ilorin, Zaria. Zamani kulikuwa na watu waliopewa nguvu na miungu, wanaitwa maji (najua, najua, tutalifikia hilo). Miaka 11 kabla ya hadithi kuanza nguvu zile zilikatika ghafla, na Mfalme Saran akaona ndiyo nafasi yake, akawaua maji watu wazima. Wakabaki watoto wao, nywele nyeupe kama pamba, wanatukanwa njiani, wanabebeshwa kodi mpaka familia zinashindwa na mtoto anachukuliwa kutumikishwa. Zélie ni mmoja wao. Mama yake alinyongwa kwa mnyororo na yeye akiwa mtoto mdogo.

Nilikisoma na mpwa wangu wa miaka 14 likizo ya Juni. Sura yeye, sura mimi, umeme ukikatika tochi ya simu. Tulipofika mwisho kabisa, Zélie ameshamaliza ile ibada kisiwani, nguvu zimerudi, anamtazama Amari, binti wa mfalme yuleyule aliyewachinja watu wake, na anaona mchirizi mweupe kwenye nywele zake. Mtoto akanishika mkono: "Mjomba, kwa hiyo na wao wanazo?"

Sasa hapo ndipo utamu ulipo. Binti amepoteza baba, amechorwa mgongo kwa kisu gerezani, amepigana kurudisha nguvu kwa watu wake, na nguvu zikawarudia hata waliowanyonga. Umechimba kisima kwa ajili ya kijiji chako, maji (haya ya kunywa) yakafoka vilevile uani kwa jirani aliyekunyima kata ulipokuwa na kiu. Utafanya nini? Utafukia kisima? Mwandishi akafunga kitabu hapo. Arosto ya kufa mtu.

Cha pili, Children of Virtue and Vengeance, kilitoka Desemba 2019. Nikakitafuta mpaka nikakipata kwa mtu aliyekuwa anarudi na begi lake kutoka nje, na bei sitaitaja maana mke wangu anapita humu. Kinafungua na msiba wa baba yake Zélie, nikasema haya, tunapewa nafasi ya kulia. Wapi! Shambulio, watu wanakimbia, wanafika mafichoni, Zélie na Amari wanagombana, wanapatana nusu, shambulio, wanakimbia, wanagombana. Na ugomvi wenyewe ni uleule. Amari anaamini kaka yake Inan anaweza kuleta amani, Zélie hataki hata kulisikia jina lake. Sura ya pili ya ugomvi nilikuwa nao. Ya tano nikaanza kuhesabu kurasa zilizobaki, na nyinyi mnajua msomaji akianza kuhesabu kurasa kuna nini.

Mpwa wangu alisema kwa kifupi kuliko mimi. Alikilaza kitabu kitandani kifudifudi akasema, "Mjomba, hawa wanagombania lile lile la jana."

Halafu kuna lile swali la nguvu kuwarudia hata waliowanyonga. Wakubwa wenye nguvu wameitwa tîtán, na juu yao kuna wengine wanaozoa nguvu za wenzao, akiwemo malkia Nehanda, mama yake Amari, anayepasua ardhi. Nikasubiri kuona maisha yamebadilikaje. Askari aliyekuwa anawatukana wenye nywele nyeupe, leo anaamka na mchirizi mweupe kichwani mwake, anamwambia nini mkewe? Anavaa kofia? Watoto wa mtaani kwake wanamwitaje? Hakuna. Tîtán ni jeshi la upande wa pili, basi. Swali zuri kuliko yote limegeuzwa kuwa silaha za vita.

Mwisho wake sasa ndio umenimaliza. Baada ya mizunguko yote hiyo, Zélie anaamka amefungwa ndani ya meli ya watu ambao hatujawahi kuwasikia. Yaani deni la kitabu cha kwanza halijalipwa, tunakopeshwa lingine. Na tukalisubiri kuanzia Desemba 2019 hadi cha tatu kilipotoka Juni 2024.

Naomba mtu anishawishi kwamba nimekosea.

Mpita Njia

Siti ya mbele kabisa. Mimi sijasoma ila uzi wa hasira siukosi.

Mwana wa Kisauni

Salaam aleikum wadau. Mleta uzi, umeyasema yaliyokuwa rohoni mwangu, ila tuanze na lile ulilotuahidi. MAJI. Mimi mtu wa Pwani kila ukurasa naona ndoo. "Maji wameuawa." "Maji wamerudi mjini." Kuna wakati nilicheka kwenye matatu mpaka kondakta akaniuliza kama ni mzima. Na ukoo mmoja wao kazi yao ni kuamrisha mawimbi, yaani maji wa maji!

Mkaa Barazani

@Mwana wa Kisauni 😂😂 Kwetu Songea neno hilo halina kicheko sana. Vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907. Kinjekitile pale Ngarambe aliwapa watu maji ya dawa, risasi za Mjerumani zitayeyuka. Hazikuyeyuka. Babu zetu walinyongwa hapa Songea na makaburi yapo, mtu anaweza kwenda kuyaona.

Kwa hiyo mimi nilikisoma kile cha kwanza kwa jicho hilo. Nikasema haya, hapa ni hadithi ambayo dawa inafanya kazi kweli. Sasa mwenye dawa akishinda anakuwa mtu gani? Na mimi nilitaka jibu hilohilo analolilia mleta uzi. Nikaishia kupewa milipuko.

Dada wa Mwenge

Naomba nami nitoe la kwangu, la Nehanda. Hivi kweli majina yote ya Afrika yameisha? Mbuya Nehanda wa Zimbabwe, mwanamke aliyeongoza watu kupambana na wakoloni wa Kiingereza wakamnyonga 1898, jina lake ndilo anapewa malkia katili anayetaka kufuta wanyonge? Kila alipotokea nilikuwa natoka nje ya hadithi. Labda mwandishi alipenda mlio tu. Mimi nilishindwa.

Kibatari

@Dada wa Mwenge dada umenipiga ngwala, hilo sikuliwaza kabisa. Sasa nina sababu mpya ya kukasirika, asante sana.

Shangazi Kurasa

Wanangu hamjambo. Nimesoma yote hapo juu na nawapinga karibu wote.

Mnasema wanagombana lile lile. Na mlitegemea nini? Hawa ni watoto wa miaka 17. Mmoja ameona mama akinyongwa na baba akiuawa. Mwingine amemuua baba yake kwa mkono wake. Mnataka wakae mkekani wanywe kahawa waelewane? Mimi nimelea, na nimezika. Kwenye nyumba yenye msiba watu hugombania sufuria. Kesho wanagombania sufuria ileile. Kinachogombaniwa si sufuria.

Na Amari mnamwonea. Someni tena cha kwanza. Saran aliwasimamisha yeye na Inan, watoto wadogo, akawapa panga, akaamuru wapigane. Amari ana kovu mgongoni alilolipata kwa kaka yake siku hiyo. Huyo ndiye aliyelelewa akiambiwa piga, piga. Kwa hiyo kwenye cha pili anapofika mahali yuko tayari Ibadan iteketee na watu wake, Zélie akiwemo, ili vita viishe, mimi sikushangaa. Niliogopa, lakini sikushangaa. Sauti ya baba yake iliwahi kutoka humo ndani? Mtoto wa nyoka ni nyoka, ingawa alijitahidi kuwa mjusi.

Kibatari

Shikamoo shangazi. Ya sufuria umenifunga, nakiri.

Lakini ya Amari niruhusu nibishe kidogo kwa adabu. Mimi sina ugomvi na mahali alipofika. Nina ugomvi na njia. Kwenye cha kwanza tulimwona anabadilika hatua kwa hatua: anaiba ile karatasi ya kale kwa sababu baba yake amemuua Binta, mtumishi wake na rafiki yake wa pekee. Anatoroka na hajui hata kununua sokoni, anachekwa, anajifunza kushika upanga upya, hadi anaweza kumkabili baba yake. Kila hatua tulikuwepo. Kwenye cha pili jana ni mtu wa amani, keshokutwa anachoma kijiji. Mpwa wangu aliniuliza kama tumeruka kurasa. Nikarudi kuangalia namba, hatukuruka.

Kama sauti ya Saran ndiyo inayomla ndani, nilitaka niisikie inavyomla. Wiki tatu. Usiku ule hakulala. Asubuhi alipomjibu mtu vibaya kisha akajistukia amesema kama baba. Hivyo.

Shangazi Kurasa

Marahaba mwanangu. Hapo sina cha kujibu, umepata. Mwandishi alijua anakokwenda ila alikimbia.

Mkaa Barazani

Alikimbizwa. Tusimwonee. Haki za filamu ziliuzwa hata kabla ya kitabu cha kwanza kufika dukani. Cha kwanza kimetoka Machi 2018, watu wakataka cha pili mwaka unaofuata, tarehe ikasogezwa mbele zaidi ya mara moja hadi Desemba 2019. Binti wa miaka ishirini na kitu, dunia nzima inamsubiri mlangoni. Kile cha kwanza alikiandika hakuna anayemjua. Mpishi akipikia harusi hawezi kuonja kama anavyoonja nyumbani kwake.

Kibatari

Nakubali. Lakini mlaji wa harusini naye akisema wali haujaiva hajakosea.

Mwana wa Kisauni

Haya mimi nina kesi ya Mâzeli. Kijana mzuri, masikio yametoka nje, anamfuata Zélie kama kivuli, anamtania, unaanza kumpenda. Wanamuua. Zélie analia kurasa na kurasa. Mimi nimekaa hivi, macho makavu kama jiwe. Nikajilaumu, kwani nimekuwa na roho gani? Halafu nikaelewa. Sijakaa naye. Unaniita matangani kwa mtu ambaye hatujala hata mlo mmoja. Nitakuja, nitakaa, nitasema poleni. Machozi utanidai bure.

Mama Agba sasa ni tofauti. Yule tulimjua tangu ukurasa wa mwanzo, kibanda chake pale Ilorin, wasichana na fimbo zao, askari wanaingia na yeye anageuza kila kitu kuwa darasa la ushonaji. Alipoondoka nililala vibaya.

Kibatari

@Mwana wa Kisauni hiyo ya matanga naiiba, nitaitumia kazini.

Na kile kibanda! Kurasa chache tu, fimbo zinagongana, mara nguo zinatandazwa juu ya silaha, mtoza kodi kasimama mlangoni, na umeshajua nchi nzima ilivyo. Cha pili kizima hakina chumba kimoja ninachokikumbuka hivyo. Nakumbuka vumbi na rangi za miale.

Mtafsiri Asiyelipwa

Nimechelewa ila nina jambo ambalo naona mmelizunguka bila kuligusa.

Mwisho wa kitabu cha kwanza mwandishi ameweka maneno yake mwenyewe. Anasema alikiandika kipindi ambacho kila akifungua habari anaona watu weusi Marekani, hata watoto, wameuawa kwa risasi za polisi, na kwamba alikuwa na hofu na hasira. Ndiyo maana kile kitabu kinauma. Watoto wenye nywele nyeupe, kodi, matusi, askari mlangoni, kila kitu kina mzizi kwenye jambo halisi. Mnyonge hana kitu mkononi, mwenye nguvu ana kila kitu.

Sasa nguvu zikirudi pande zote mbili, ule mfano unaisha. Hakuna tena mnyonge na askari, kuna majeshi mawili. Na kwenye jambo lile alilokuwa analililia, Marekani kwenyewe, sura hiyo ya pili haijatokea, kwa hiyo hakuwa na pa kuchungulia. Alichungulia vita kwa jumla, vita vya sinema. Mimi naona ndipo kilipoyumba. Kisima kilichokuwa kinamnywesha kilibaki kwenye kitabu cha kwanza.

Kwa hiyo kile mleta uzi anachokiita swali zuri kuliko yote, mimi naona ndicho kilichomuua. Mwisho mtamu kupita kiasi. Ni kama mtu aliyeahidi mahari ya ng'ombe mia kwa furaha ya siku ile.

Kibatari

Mkuu nimesoma maneno yako mara tatu. Nilikuja humu na lawama, umenipa huruma, na sikuwa nimeiomba.

Ila nikwambie nisichokubali. Eti hakuwa na pa kuchungulia. Bara zima hili lilikuwepo! Huku tunajua fika inavyokuwa walioonewa wakipata nguvu na walioonea bado wanazo, wote mtaa mmoja, kisima kimoja, watoto shule moja. Jirani aliyempeleka baba yako kwa askari wa mkoloni, bendera mpya imepanda, na Jumapili mnakutana ibadani mnapeana mkono. Hadithi ile iko kila wilaya. Alichukua majina ya miji, akachukua miungu ya Wayoruba na lugha yao kwenye viapo, akatupa simba wenye pembe (Nailah nampenda mpaka kesho). Angechukua na hilo.

Mtafsiri Asiyelipwa

Hapo tunaongea. Ila kumbuka yeye mwenyewe amesema picha za hao miungu zilimgusa mara ya kwanza kule Salvador, Brazili, si Nigeria. Ndiyo maana hekalu kwenye kitabu linaitwa Chândomblé, kama ile dini ya watu weusi wa Brazili. Hii ni Afrika ya mtoto aliyezaliwa ng'ambo, anayeitazama toka upande wa pili wa bahari. Na simlaumu, ana haki nayo. Lakini huyo mzee wa Jumapili ibadani hawezi kumjua.

Dada wa Mwenge

Toka upande wa pili wa bahari... na kitabu cha pili kinaishia ndani ya meli, watu wamefungwa, wanapelekwa ng'ambo. Jamani. Mbona sikuliona?

Mtafsiri Asiyelipwa

@Dada wa Mwenge mmh. Naam.

Shangazi Kurasa

Kumbe alikuwa anarudi kwao.

Mpita Njia

Mimi ambaye sijasoma nimepata baridi hapa.

Kibatari

Haya sasa, mtanifanya nikisome tena nami nilishaapa. Lakini hata kama ndiko alikokuwa anakwenda, dada, ile meli inaibuka kurasa za mwisho kabisa bila hata tanga kuonekana upeoni. Ungetutupia mvuvi mmoja wa Ilorin, sura ya kumi, anasema ameona chombo cha ajabu mbali. Mstari mmoja tu! Tungekuja kuukumbuka na kujipiga kofi.

Mwana wa Kisauni

Hiyo ndiyo Bwana Msa angeiita kazi ya kizembe. Marehemu Muhammed Said Abdulla alikuandikia kitabu baada ya kitabu na Bwana Msa yuleyule na kiko chake, na kila kesi ilifungwa humohumo. Hakuna aliyelala na deni. Mimi siku hizi nikiona kitabu kimeandikwa "cha kwanza kati ya vitatu" napapasa mfuko na moyo pamoja.

Mkaa Barazani

Kweli, ila Bwana Msa habadiliki, mkuu. Hazeeki, hapendi, hafiwi. Zélie anabebeshwa kila kitu toka kitabu kimoja hadi kingine. Hiyo kazi ni ngumu zaidi, ndiyo maana inavunjika mara nyingi.

Mwana wa Kisauni

Nakupa hiyo. Nusu.

Msomaji Mgeni

Wakuu mimi swali dogo. Nimesikia filamu inakuja, anaongoza yuleyule wa The Woman King, Gina Prince-Bythewood, Thuso Mbedu ndiye Zélie, na Viola Davis ndiye Mama Agba. Je, nisome kwanza au ningoje? Na nikisoma, niishie cha kwanza?

Dada wa Mwenge

Soma cha kwanza leo hii. Viola Davis ndani ya kile kibanda cha Ilorin, fikiria tu, lakini kijenge kwanza wewe mwenyewe kichwani.

Shangazi Kurasa

Soma vyote. Usisikilize watu wa mitandaoni, mimi nikiwemo.

Msomaji Mgeni

Na cha tatu je? Children of Anguish and Anarchy. Kina majibu?

Kibatari

Kina watu wapya wa kutosha, mafuvu, mfalme anaitwa Baldyr, bahari, nchi nyingine kabisa. Swali la mchirizi mweupe kwenye nywele za askari bado nalisubiri. Uko wapi? Kama ni Dar njoo Jumamosi, cha pili na cha tatu nakupa ukae navyo hata mwaka. Cha kwanza hukipati. Mpwa wangu amekificha na mimi mwenyewe sijui alipokiweka.